Taya jipya, meno lini? Vipandikizi vya meno baada ya taya kujengwa kwa mfupa wa mguu

Mtu anayekwenda kukatwa kipande cha taya huelezwa mengi kabla hajasaini fomu ya ridhaa. Huambiwa saa atakazokaa chumba cha upasuaji, ndugu watakaochangia damu, mpira wa kulishia utakaopitishwa puani, na mfupa utakaotolewa mguuni ili kuziba pengo. Hurudi nyumbani Ngaramtoni au Himo akijua kwamba uso wake utakaa sawa. Meno je? Hapo mara nyingi jibu ni fupi: "Hayo tutayaangalia baadaye."

Jibu hilo linawagharimu wagonjwa wengi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Meno yatakayosimama juu ya mfupa uliohamishwa hupangwa kabla msumeno haujagusa taya. Yakiachwa kwa baadaye, mfupa unaweza kupona vizuri kabisa, uso ukapendeza, na bado pasiwe na mahali pa kusimamisha jino hata moja.

Kwanza sababu za taya kukatwa, maana ndizo zinazoamua kama vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazobeba meno, vitawezekana. Uvimbe ambao madaktari wa kinywa na taya Afrika wanakutana nao sana ni ameloblastoma. Unatokana na chembe zile zile zinazohusika kutengeneza meno, huanza zaidi kwenye taya la chini, kule nyuma kwenye magego, na huwapata hasa watu wa kati ya miaka 20 na 40, ingawa hata watoto wa sekondari huupata. Hauumi. Hukua polepole, meno yanalegea, shavu linajaa, na kwa kuwa hakuna maumivu mtu anaendelea na shamba lake au duka lake miaka na miaka, hadi uso unapopinda ndipo anapokwenda hospitali. Kwa kawaida ameloblastoma si saratani, lakini pia si uvimbe wa kukwanguliwa ukaisha. Ukikwanguliwa tu hurudi mara nyingi, kwa sababu chembe zake zimeshapenya kwenye mfupa ambao kwenye eksirei unaonekana mzima. Ndiyo maana daktari hukata uvimbe pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima unaouzunguka. Pengo linalobaki linaweza kufika nusu ya taya.

Wengine hupoteza taya kwa saratani ya kinywa, ambayo tumbaku na pombe huichochea sana, iwe tumbaku ya kuvuta au ya kutafuna. Wengine ni ajali za pikipiki, risasi, au usaha ulioanzia kwenye jino bovu ukala mfupa. Kwa upande wa vipandikizi, tofauti kubwa iko kwenye mionzi. Mgonjwa wa saratani mara nyingi huhitaji mionzi baada ya upasuaji. Wa ameloblastoma kwa kawaida hahitaji. Huyu wa pili mara nyingi ni kijana, ana miaka 40 au 50 ya kula iliyo mbele yake, na mfupa atakaowekewa hautapigwa mionzi. Ana kila sababu ya kupata meno ya kudumu, na ndiye ninayesikitika zaidi ninaposikia kwamba suala la meno halikuzungumzwa naye.

Pengo la taya huzibwa kwa njia kadhaa. Njia nyepesi ni bamba la titani peke yake, ile ambayo wagonjwa huieleza kwa kusema "wameniwekea chuma". Bamba linashika ncha mbili za taya na kidevu hakidondoki, lakini halibebi meno, na kadiri miaka inavyopita linaweza kuvunjika au kutokeza nje ya ngozi. Njia nyingine ni kuchukua kipande cha mfupa wa nyonga bila mshipa wake wa damu. Hiki kinafaa kwa pengo dogo, la kama sentimita 5 au 6, penye nyama nzuri na ambapo hapajapigwa mionzi. Likizidi hapo, mfupa usio na damu yake wenyewe huambukizwa kwa urahisi, na usipoambukizwa mwili huumumunya kidogo kidogo.

Njia ya tatu ni kuhamisha mfupa pamoja na mshipa wake. Mguu chini ya goti una mifupa miwili. Muundi, ule mnene wa mbele, ndio unaobeba karibu uzito wote. Pembeni yake, upande wa nje, kuna fibula, mfupa mwembamba na mrefu ambao mtu anaweza kuishi bila sehemu yake ya kati. Kwa mtu mzima daktari anaweza kuchukua hadi sentimita 25 hivi, akiacha sentimita 6 hadi 8 juu ya kifundo cha mguu ili kisitetereke, na kipande kingine chini ya goti. Mfupa hutoka na ateri yake, vena zake, na mara nyingi kipande cha ngozi kitakachotumika ndani ya kinywa. Kwa kuwa umenyooka na taya limepinda, hukatwa vipande na kupangwa upya kufuata mzunguko wa kidevu, kila kipande kisipungue sentimita 2 ili damu inayopita kwenye utando unaofunika mfupa iendelee kukifikia. Kisha ateri yenye upana wa milimita 2 au 3 huungwa na ateri ya shingoni, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. G. Ian Taylor wa Australia alieleza namna ya kuhamisha fibula mwaka 1975, akiutumia kutibu mguu. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akachapisha matumizi yake katika kujenga taya la chini, na tangu hapo fibula umekuwa chaguo la kwanza katika hospitali nyingi duniani.

Mguu wenyewe unabaki na nini? Swali hili lina uzito wa pekee kwetu tunaoishi kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Wengi hutembea kwa msaada ndani ya siku chache, na baada ya miezi hutembea kawaida. Wapo wanaobaki na kidole gumba cha mguu kisichokunjika vizuri, kifundo kinachochoka, au ganzi upande wa nje wa mguu. Kwa karani wa ofisini pale Kaloleni hilo laweza kuwa jambo dogo. Kwa mpagazi anayebeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro, au mama anayeshuka kila siku bondeni kukata majani ya ng'ombe, ni jambo la kumwambia daktari mapema, maana upo pia mfupa wa nyonga na wa bega unaoweza kuhamishwa na mshipa wake. Na kabla ya kukata, mishipa ya mguu lazima ipimwe, mara nyingi kwa kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za kompyuta, chenye dawa ya kuonyesha mishipa ya damu. Kuna watu wachache ambao ateri ya fibula ndiyo inayolisha unyayo wao kwa sehemu kubwa. Kwao kuutoa mfupa huo ni kuhatarisha mguu.

Sasa meno. Kipandikizi cha jino ni skrubu ya titani, kwa kawaida yenye upana wa milimita 3.5 hadi 4.5 na urefu wa milimita 8 hadi 13, inayozamishwa ndani ya mfupa. Jino lenyewe hufungwa juu yake baadaye. Mwaka 1952 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu kwenye mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 aliweka vipandikizi vya kwanza kwa binadamu, Gösta Larsson, mtu aliyekuwa na kasoro kubwa za taya. Larsson alifariki mwaka 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa bado vinafanya kazi. Kwa hiyo tangu mwanzo teknolojia hii ilimlenga mtu ambaye taya lake lina shida, kabla haijawa huduma ya watu waliopoteza jino moja na kutaka tabasamu zuri.

Kushikamana huko kuna masharti. Mfupa lazima uwe hai, skrubu isitikisike katika wiki za mwanzo, na mfupa usichomwe na joto wakati wa kutoboa. Joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 linatosha kuua chembe za mfupa. Fibula una ganda gumu sana, kwa hiyo drili ikizungushwa haraka bila maji ya chumvi ya kupoozea, joto hilo hufikiwa upesi. Ganda hilo hilo lina faida yake: skrubu inaweza kung'ata ukuta wa juu na wa chini wa mfupa kwa pamoja, ikakaza kuliko ambavyo ingekaza kwenye mifupa mingi ya kinywa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kwenye fibula ambao haukupigwa mionzi, zaidi ya asilimia 90 ya vipandikizi huwa bado vipo baada ya miaka kadhaa.

Mtu atauliza, na ni haki yake, kwa nini asitengenezewe tu meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yale ya bei nafuu. Kwa aliyebakiwa na meno mazuri upande wa pili hilo linawezekana, maana meno hayo yatashikilia bandia kwa vikulabu. Lakini bandia linalokaa juu ya ufizi peke yake linahitaji tuta la mfupa, kina kati ya shavu na taya, na ngozi isiyocheza. Baada ya taya kujengwa upya vitu hivyo vitatu kwa kawaida havipo. Bandia huelea, hukwaruza, na mara nyingi huishia kuvaliwa wakati wa kwenda kanisani au msikitini na kuvuliwa wakati wa kula.

Ugumu wa kwanza wa kusimamisha vipandikizi kwenye fibula ni kimo. Taya la chini la kijana mwenye meno yote lina kimo cha kama sentimita 3. Fibula una sentimita 1 na nusu hivi, mara nyingi pungufu. Daktari anayefikiria uso peke yake ataupanga mfupa huo kufuata ukingo wa chini wa taya, kwa sababu ndipo mstari wa uso unapoonekana. Mgonjwa atapona akiwa na kidevu kizuri. Lakini kati ya mfupa na mahali meno yanapotakiwa kukutana na ya juu patabaki nafasi ya zaidi ya sentimita 1. Jino litakalojengwa juu ya skrubu itabidi liwe refu kupita kiasi, na kila anapotafuna nguvu itavuta skrubu kwa pembeni; skrubu hulegea, au mfupa unaoizunguka hushuka. Daktari anayefikiria meno ataupandisha mfupa juu kidogo, au ataukunja mara mbili na kuviweka vipande viwili kimoja juu ya kingine, au atapanga kuuvuta uongezeke kimo baada ya miezi. Kila njia ina gharama yake. Kukunja mara mbili kunakula urefu wa mfupa, kwa hiyo hakufai pengo refu. Kupandisha juu kunaweza kuacha ukingo wa chini wa uso ukiwa umebonyea kidogo, hivyo bamba au nyama huachwa pale kujaza.

Kuna pia upana na mwelekeo. Mfupa ukikaa sentimita 1 ndani zaidi, upande wa ulimi, meno ya chini hayatakutana na ya juu hata ukitumia skrubu za aina gani. Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu kulirekebisha ni kukata tena mfupa ambao umeshaunga. Fundi mwashi hachimbi msingi kabla hajajua ukuta utapita wapi, na hapa ni hivyo hivyo: mpango huanza na meno ya juu yaliyopo, unaulizwa meno ya chini yakae wapi ili yakutane nayo, kisha skrubu ziwe wapi ili zibebe meno hayo, na mwisho ndipo mfupa unapotafutiwa mahali. Siku hizi hupangwa kwenye kompyuta kwa picha za CT za kichwa na mguu, halafu vinachapishwa vibao vya plastiki vinavyomwonyesha daktari pa kukata. Pasipo na kompyuta, mpango wa aina hiyo hiyo unaweza kufanywa kwa plasta: vipimo vya meno vinachukuliwa kabla ya upasuaji, meno ya nta yanapangwa juu ya nakala ya taya, na daktari anaingia nayo chumba cha upasuaji. Hata skrubu zinazoshikilia bamba zinapaswa kuhesabiwa mapema. Zikipigwa katikati ya mfupa pale pale ambapo kipandikizi kitahitaji kupita, itabidi zitolewe.

Ugumu wa pili ni ngozi, na huu haupewi uzito unaostahili. Jino la kawaida limezungukwa na ufizi mgumu uliogandamana na mfupa. Mfupa wa mguu umeletwa na ngozi ya mguu. Ukimfungua mgonjwa kinywa miezi michache baada ya upasuaji, utaona ndani ya shavu kipande cha ngozi kinene, chenye rangi tofauti na nyama ya pembeni, wakati mwingine na vinyweleo vyake. Ukikigusa kinatembea. Skrubu ikitokea katikati ya ngozi inayotembea namna hiyo, mswaki unashindwa kufika shingoni mwake, chakula kinajificha, na nyama nyekundu inayotoka damu inaota kuizunguka. Wapo wanaoikata nyama hiyo kila baada ya miezi michache na inarudi. Suluhisho ni kuipunguza ngozi unene, na mara nyingi kuchukua kipande cha ufizi mgumu kutoka kwenye paa la kinywa na kukishonea juu ya mfupa, ili skrubu zizungukwe na kitu kisichocheza. Ni upasuaji mdogo, lakini ni upasuaji mwingine, siku nyingine, nauli nyingine, na mgonjwa aliyeambiwa mapema huukubali kwa moyo tofauti na aliyeshtukizwa.

Ugumu wa tatu unakaa na mgonjwa maisha yake yote. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya taya, na taya linapokatwa mara nyingi mshipa huo hukatwa nalo. Mdomo wa chini upande huo unabaki na ganzi. Na kipandikizi chenyewe hakina ule utando wenye hisia unaozunguka mzizi wa jino, kwa hiyo mtu anatafuna bila kujua sawasawa anaminya kwa nguvu gani. Nyumbani kwetu mgonjwa aliyetoka hospitali anapewa mtori, na ni chakula kizuri kwake: laini, kizito, kina nyama na ndizi. Ila mtori hushika moto. Mtu mwenye ganzi ataungua mdomo bila kuhisi, na uji utamchuruzika kidevuni bila yeye kujua. Anayemuuguza aujaribu kwanza kwa mkono wake, na amwambie taratibu, "Mama, jifute hapa," bila kumfanya aone aibu mbele ya wageni.

Muda sasa. Vipandikizi vinaweza kuwekwa siku ile ile ya kujenga taya, au baadaye. Kuviweka siku ile kunaokoa upasuaji mmoja na kunawahi mionzi kama itakuwepo, lakini bila mpango makini vinaweza kukaa mahali visipotumika. Wengi husubiri mfupa uunge, kama miezi 6, ndipo skrubu ziwekwe, kisha miezi 3 hadi 6 ya kusubiri zishike, kisha kazi ya ufizi, kisha meno. Kwa hesabu hiyo ni mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Kwa nusu ya taya skrubu 2 hadi 4 huweza kutosha, kwa taya zima 4 hadi 6. Marekani, tangu mwaka 2013, iko mifano iliyochapishwa ya wagonjwa waliokatwa taya, wakawekewa fibula, vipandikizi na meno kwa siku moja. Ni kazi nzuri sana, na inafaa hasa kwa uvimbe usio saratani kama ameloblastoma. Inadai mipango ya kompyuta isiyo na pengo na timu ya watu wengi kwa wakati mmoja, na mgonjwa wa hapa hapotezi kitu kikubwa akifuata njia ya hatua kwa hatua, mradi hatua ya kwanza iwe imeshafikiria ya mwisho.

Aliyepata mionzi ana hesabu nyingine. Kwa saratani ya kinywa mionzi hutolewa kwa wiki 6 au 7, jumla ya Gray (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 70. Mfupa uliopokea zaidi ya Gray 50 hupoteza mishipa midogo ya damu, na jeraha la kutoboa skrubu linaweza kukataa kufunga, mfupa ukafa na kutokeza. Vipandikizi haviwi marufuku, lakini madaktari wengi husubiri miezi 6 hadi 12 na zaidi, huangalia kama saratani imetulia, na huzamisha skrubu pale tu ambapo ramani ya mionzi inaonyesha dozi ndogo. Waombe hospitali iliyokupa mionzi ripoti ya dozi, na uitunze. Zamani wagonjwa kama hawa walipelekwa kwenye vyumba vya oksijeni ya shinikizo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 haukuona kwamba oksijeni hiyo inazuia mfupa kufa baada ya upasuaji wa kinywa, kwa hiyo asijisikie mnyonge aliyekosa chumba hicho. Sigara ni jambo analoweza kulishughulikia mwenyewe, na kisukari kisichodhibitiwa vivyo hivyo. Anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa amwambie daktari wa meno kabla ya kitu chochote, maana baadhi ya dawa hizo huzuia taya kupona.

Kwa mtoto wa miaka 13 au 14 vipandikizi husubiri. Skrubu haisogei na taya linalokua. Meno mengine yatapanda, la kipandikizi litabaki chini. Atumie bandia dogo la muda hadi kukua kutulie, na mzazi asilione hilo kama kunyimwa huduma.

Kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro liko jambo moja ambalo vitabu vya nje havitalitaja. Maji ya sehemu nyingi za Arumeru, Hai na Siha yana floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ya miamba ya volkano. Watu waliokulia huko wana meno ya kahawia, mengine yenye mistari na vishimo. Sasa mwekee mtu huyo meno 6 meupe ya karatasi ya sampuli. Akicheka, upande mmoja wa kinywa unang'aa na mwingine ni wa kahawia, na hapo kila mtu atajua ni yapi ya bandia. Fundi wa maabara ya meno anayejali humkalisha mgonjwa dirishani kwenye mwanga wa mchana, hulinganisha rangi jino kwa jino, kisha hupaka kahawia kidogo karibu na ncha, mstari hapa, doa pale, hadi meno mapya yaonekane yamezaliwa Meru. Wengine watapenda meupe yote, na hiyo ni haki yao. Waulizwe tu.

Njia ya mgonjwa wa huku kwa kawaida huanzia kwa daktari wa meno wa wilaya au wa hospitali ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, kisha rufaa kwenda KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, na wengine husafiri hadi Muhimbili. Kila anapopita, aulize maswali yale yale, na ndugu anayemsindikiza aandike majibu. Jibu la kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichopelekwa maabara, lilikuwa nini, na nitahitaji mionzi? Mfupa utatoka wapi, na utakaa kwa kimo gani ili ubebe meno? Je, daktari wa meno ya bandia ameniona kabla ya upasuaji, na vipimo vya meno yangu vimechukuliwa? Skrubu za bamba zitawekwa wapi? Bima yangu italipia mfupa tu, au na skrubu na meno? Swali la mwisho lijibiwe kwa maandishi, kwa kuwa ofisi nyingi huyahesabu meno kando na upasuaji. Kuuliza "Samahani daktari, meno yatasimama juu ya nini?" si ukosefu wa adabu. Daktari bingwa wa taya anayeijua kazi yake hufurahi kuulizwa hivyo.

Meno yakishafungwa, yanahitaji kuhudumiwa kama gari linavyopelekwa gereji kwa zamu. Kinywa kisafishwe mara mbili kwa siku kwa mswaki laini, na katikati ya skrubu kwa mswaki mdogo wa pengo au uzi mnene. Mswaki wa mti usitumike karibu na ngozi ya mguu, maana nyuzi zake huichana. Kinywa kisichofunguka vizuri kifanyiwe mazoezi kila siku kwa vijiti vya mbao vinavyoongezwa kimoja kimoja kati ya meno, kwa kuwa kinywa kisichofikia milimita 35 hata fundi hapati nafasi ya kuingiza vifaa. Mwaka wa kwanza arudi kliniki kila miezi 3, baadaye kila miezi 6, na eksirei ipigwe kuona kama mfupa unaoshika skrubu umeshuka.

Na aombe kadi ya vipandikizi vyake. Iwe na jina la kampuni iliyotengeneza skrubu, upana, urefu, namba ya toleo na tarehe ya kuwekwa. Kila kampuni ina bisibisi yake na viungo vyake visivyoingiliana na vya mwingine, na vingi huagizwa nje. Skrubu ikilegea miaka 8 baadaye, na daktari aliyeiweka amehamia mkoa mwingine, kadi hiyo ndiyo itakayomwezesha daktari mpya kuagiza kifaa sahihi badala ya kuing'oa. Apige picha kadi hiyo kwa simu na amtumie pia ndugu mmoja anayetunza vitu.